Mganda, Vibonzo na Ruhusa ya Kucheka

Katika nchi yetu, mtu mzima akikutwa anasoma vibonzo hudhaniwa kuwa hana kazi ya kufanya. Akiwa na shahada ya uzamivu, hudhaniwa kuwa ana tatizo kubwa zaidi. Kwa hiyo sikushangaa wenzangu kazini waliposikia kwamba nimechukua likizo ya siku chache kwenda Nairobi kwenye tamasha la katuni, wakaanza kuniuliza habari za watoto, kana kwamba mimi nilikuwa mlezi tu katika msafara wao. Hapakuwa na mtoto katika msafara ule. Tulikuwa watu wazima wanne, wote wenye asili ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, na kila mmoja alijilipia nauli yake.

Naandika kuhusu safari hiyo kwa sababu ilinirudisha kwenye jambo ambalo sisi tunaofundisha mambo ya siasa na jamii tunalipita haraka mno. Tunapozungumzia uhuru wa maoni, tunafikiria magazeti, majukwaa na Bunge. Ni mara chache tunafikiria penseli ya mtoto wa kijijini. Hata hivyo ipo njia rahisi ya kupima afya ya jamii yoyote: tazama nani anaruhusiwa kumchora nani, kisha hesabu siku ambazo mchoro huo unakaa ukutani.

Wenzangu nitawatambulisha kwa kazi zao tu, maana hawakuomba kuandikwa. Mmoja ni mwalimu wa sekondari wilayani Mbinga, anafundisha Kiswahili na Historia. Wa pili ni mtumishi wa halmashauri mojawapo ya mkoa wetu wa Ruvuma. Wa tatu hununua usipa kwa wavuvi wa Mbamba Bay na kuupeleka Songea na Makambako. Huyu wa tatu ndiye mwenye mapenzi makubwa kuliko sisi sote. Chini ya kitanda chake kuna katoni ya majarida ya zamani ambayo mkewe ametishia mara nyingi kuiwashia jiko. Tulisoma shule moja ya msingi, na tangu hapo ubishi wetu haujaisha.

Ubishi huo ulianzia kwenye benchi la kinyozi. Siku hizo Nyasa haikuwa wilaya bado. Liuli, Mbamba Bay na vijiji vya milimani vyote vilikuwa Mbinga. Wazazi wetu walilima kahawa, na fedha za kahawa zilikuja mara moja kwa mwaka, zikakuta madeni yamepanga foleni mlangoni. Kitabu cha kununua kwa ajili ya kujifurahisha hakikuwa kwenye orodha. Maktaba ya mkoa ilikuwa Songea, takribani kilomita 100 kutoka Mbinga mjini, na wakati wa masika kilomita hizo zingeweza kumaliza siku nzima. Basi mkutubi wetu akawa kinyozi wa sokoni. Alikuwa na kioo chenye ufa, mkasi mmoja mzuri, na rundo la majarida yaliyokwisha kupoteza majalada. Ukitaka kusoma, ulikaa kwenye benchi ukajifanya unasubiri zamu ya kunyolewa ambayo hukuwa na fedha ya kuilipia. Yeye alijua, nasi tulijua kwamba anajua.

Jarida lenyewe lilikuwa Sani, lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, na katika miaka ya 1980 lilikuwa miongoni mwa machapisho yaliyopendwa sana nchini. Humo waliishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi na Madenge. Humo aliishi Komredi Kipepe, ambaye jina lake peke yake lilitosha kutuchekesha, kwa kuwa neno "komredi" tulilijua kutoka kwenye vikao na hotuba, na hapa lilikuwa limetwikwa mtu wa vituko. Miaka ile maduka yalikuwa matupu na sukari ilipatikana kwa kujuana. Hakuna mtu mzima aliyetueleza kwa ufasaha nini kilikuwa kinaendelea katika nchi. Vibonzo vilitueleza. Tulijifunza kwamba kuna mlanguzi, kuna mtu anayeishi mjini kwa ujanja, kuna mkubwa anayesema hivi na kutenda vile, na kwamba watu hao wanaweza kuchekwa bila dunia kuanguka.

Miongoni mwa mikono iliyowachora wahusika wa Sani, mmoja ulikuwa wa Philip Ndunguru, aliyemchora Kipepe na kufariki katika miaka ya 1980 akiwa bado kijana. Kwa msomaji wa Kigoma au Tanga hilo ni jina la mchoraji tu. Kwa mtu wa Mbinga, Ndunguru ni jina la jirani. Limo katika daftari la mahudhurio la kila darasa, katika orodha ya wakulima wa kila chama cha msingi, na juu ya misalaba ya makaburi ya kila parokia. Kinyozi wetu hakuwahi kumwona mtu huyo, lakini alikuwa akigonga ukurasa kwa kitana na kusema, "Huyu wetu." Maneno hayo mawili yalitufanyia kazi ambayo hakuna somo la uraia lililoweza kuifanya. Yalituambia kwamba vitabu havishuki kutoka mbinguni wala havitoki Dar es Salaam peke yake. Vinaweza kutoka katika mkono wenye jina kama letu.

Kabla ya safari, mwalimu aliliuliza darasa lake la kidato cha tatu kama kuna anayemfahamu Kipepe. Hakuna mkono ulionyooka. Akauliza kuhusu Spider-Man. Darasa zima lilicheka kwa wepesi wa swali.

Ndiyo tukaenda Nairobi. Tamasha lile hujulikana kwa kifupi kama NAICCON, na msomaji ambaye hajawahi kuona tamasha la aina hiyo avute picha ya gulio ambalo bidhaa zake zote ni hadithi. Upande mmoja kuna meza za wachoraji wanaouza vitabu vyao, mabango, vibandiko na fulana. Upande mwingine kuna vijana wanaoshindana michezo ya kompyuta. Katikati wanapita watu waliovaa kama wahusika wa katuni na filamu: panga za sponji, nywele za bandia za buluu, vinyago, makoti marefu yasiyofaa kwa hali ya hewa. Kuna jukwaa, na waliovaa hupanda mmoja mmoja kuonyesha vazi na mwendo wa mhusika, nao watazamaji hushangilia au hunyamaza. Wengi wa wahusika hao ni wa Japani na Marekani.

Rafiki yetu wa usipa alikuwa amevaa koti lake la safari, kofia ya sufi na viatu vya mpira, mavazi anayovaa alfajiri mwaloni. Kijana mmoja alimsogelea kwa heshima akamwomba wapige picha pamoja.

"Samahani mzee, wewe ni mhusika gani?"

"Mimi ni mnunuzi wa usipa."

"Ah, hiyo bado sijaisoma," kijana akajibu, akapiga picha, akashukuru, akaondoka.

Tulicheka hadi watu wakageuka. Lakini baadaye nililifikiria jibu la yule kijana. Alikuwa tayari kuamini kwamba mahali fulani kuna kitabu ambacho shujaa wake ni mnunuzi wa usipa. Sisi wenyewe, tuliokula usipa maisha yetu yote, hatukuwahi kukifikiria.

Mtumishi wa halmashauri, kwa mazoea ya kazi yake, alianza kuhesabu meza na kuuliza wauzaji wanakatia leseni wapi. Ilipofika mchana alikuwa ameacha kuuliza leseni, sasa anauliza bei ya kuchapisha. Mchoraji mmoja wa kike, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alitueleza kwamba hulipia uchapaji wa kitabu kwa kuuza vibandiko. Kitabu chenyewe hakijamlipa bado. Mwalimu akamuuliza kwa nini ameandika kwa Kiingereza hadithi inayotokea stendi ya matatu. Alimtazama kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo. "Kiswahili watu wanakipenda kukisikia, Mwalimu. Kukinunua, bado."

Sina hakika kwamba ni kweli, na historia ya jiji lile lile inanipa sababu ya kutilia shaka. Mwaka 1996 kampuni ya Sasa Sema ya Nairobi ilichapisha Abunuwasi, kitabu cha katuni kwa Kiswahili kilichochorwa na Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, Mtanzania aliyehamia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tangu mwaka 2010 jarida la Shujaaz limegawiwa bure kwa vijana wa Kenya, likizungumza Sheng bila kuomba radhi, na baadaye likaja hadi Tanzania. Wasomaji wapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaamini kwa mtaji wake.

Sitaki nilisifie tamasha lile kupita kiasi. Kuna kiingilio mlangoni, na anayekosa nauli ya kutoka mtaani kwake hatafika mlangoni hapo. Mashujaa wa kigeni walikuwa wengi kuliko wa nyumbani. Hata hivyo niliona kitu ambacho sikukiona kwa muda mrefu katika mikusanyiko yetu: mamia ya vijana walioketi pamoja siku nzima kwa sababu ya kusoma, na hakuna aliyelipwa posho.

Usiku ule, tukila nyama choma, rafiki yetu wa usipa alikaa kimya muda mrefu kisha akasema, "Jamani, hii si mganda?"

Wasomaji wasiotoka kwetu wanahitaji maelezo. Mganda ni ngoma ya wanaume wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Wanawake wanayo kioda. Wachezaji wa mganda huvaa sare safi, hupanga mistari kama askari, hupuliza vibuyu vilivyotengenezwa kama tarumbeta, na huwa na viongozi wenye vyeo vya kuigiza. Vikundi husafiri kutoka kijiji hadi kijiji kushindana, na wenyeji hupika kwa ajili ya wageni. Asili yake ni beni, ngoma iliyoanzia pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuenea bara pamoja na askari na vibarua wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliiandikia kitabu mwaka 1975. Alionyesha kwamba watu waliotawaliwa walivaa mavazi ya watawala wao na kuyachezea kwa makusudi, wala hawakuwa wajinga wanaoiga. Ndani ya vazi la mkubwa mtu hujaribu ukubwa. Mara nyingine huusifu, mara nyingine huudhihaki, na mara nyingi hufanya yote mawili kwa mpigo, ndiyo maana mkubwa mwenyewe hajui kama acheke au akasirike.

Basi swali la rafiki yangu lilikuwa na jibu. Ndiyo, ni mganda. Kijana wa Nairobi aliyevaa kama shujaa wa Kijapani anafanya jambo ambalo babu zetu wa Liuli na Lituhi walilifanya. Wanaotuambia kwamba matamasha haya ni utamaduni wa kigeni wangeanza kwanza kuueleza mganda, ambao nao ulianza kwa kuvaa vazi la mgeni, na leo huwekwa katika kila sherehe ya kitaifa kama utamaduni wetu wa asili. Jamii hai huazima vazi. Swali la maana ni kama ikishalivaa inasema maneno yake yenyewe.

Njiani tukirudi, tulianza kutaja hadithi za kwetu ambazo zinangoja mchoraji. Mwalimu alikuwa na ya Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lake. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, ilifika pale na kuishambulia kwa mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa rafiki wa Rhoades wa kunywa naye pombe. Hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza, kwa hiyo alipanda mtumbwi mdogo na kumfuata rafiki yake kwa hasira kumuuliza kama amelewa. Akakamatwa. Hadithi hiyo imejichora yenyewe. Kilichobaki ni kuwachora wavuvi wa Liuli waliosimama ufukweni wakiwatazama wazungu wawili waliokunywa pamoja juzi wakipigania ziwa ambalo halikuwa la yeyote kati yao. Mtumishi wa halmashauri aliitaja Songea, ambako tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa wapiganaji wa Majimaji, na ambako leo kuna makumbusho yao. Rafiki wa usipa alisema yeye anataka hadithi ya mama anayeanika usipa tu, bila mzungu na bila vita.

Tulikubaliana tujaribu. Mwalimu aliifahamu mbinu iliyoenezwa na shirika la World Comics Finland, lililoendesha mafunzo Tanzania pia: mtu wa kawaida, asiye mchoraji, huchora hadithi ya picha nne kwenye karatasi mbili za A4 zilizounganishwa kwa gundi, kisha huibandika ukutani mahali watu wanapopita. Haihitaji umeme wala mfadhili. Jumamosi moja tulikutana na vijana wa shule katika kijiji kimoja cha mwambao, chini ya mwembe, tukiwa na karatasi, penseli na kalamu nyeusi. Maelekezo ya mwalimu yalikuwa sentensi moja: "Chora jambo moja ambalo wewe unalijua kuliko mimi."

Kijana mmoja, aliyekuja kutoka milimani kuishi na shangazi yake, alichora ngoro, yale mashimo ya kilimo tunayochimba kwenye miteremko ya Umatengo, na bwana shamba anayeteleza humo akiwa na viatu vya ngozi. Mwingine alichora babu anayeuza kahawa ikiwa bado mtini, biashara tunayoiita magoma, kisha anavuna mwenyewe na kuubeba mzigo ambao si wake tena. Lakini mchoro uliotunyamazisha ulikuwa wa binti wa miaka kumi na minne.

Picha ya kwanza: mama ameanika usipa juu ya chanja, na mtoza ushuru amesimama na mashine yake. "Lipa." Picha ya pili: mama amelipa, anaomba risiti, mtoza ushuru anatazama angani. "Mtandao haupo." Picha ya tatu: getini, mtoza ushuru mwingine. "Risiti yako?" "Mtandao haukuwepo." "Basi lipa tena." Picha ya nne: ndoo ya usipa, na samaki wawili juu kabisa wanazungumza. "Sisi tumevuliwa mara moja tu," anasema mmoja. "Mama amevuliwa mara mbili."

Rafiki wa usipa alicheka hadi machozi, kisha machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Mtumishi wa halmashauri hakucheka. Alisimama mbele ya karatasi ile muda mrefu, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwake.

Tuliibandika kwenye ukuta wa duka karibu na mwalo, kwa idhini ya mwenye duka. Jumapili baada ya ibada watu walijaa. Wasiojua kusoma walisomewa. Jumatatu asubuhi kiongozi mmoja wa eneo hilo aliagiza iondolewe "hadi kibali kitakapopatikana", na mwalimu akatakiwa aeleze ametumwa na nani. Mchoro ulikaa ukutani siku mbili.

Rafiki yetu mtumishi alipiga simu. Nilikuwapo, nikasikia upande wake wote na sehemu ya upande wa pili.

"Mheshimiwa, bango halijataja jina la mtu."

"Tatizo ni hilo hilo. Halijataja mtu, kila mtu anajiona."

Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya kazi ya sanaa. Aliyeyatoa alikuwa anapiga marufuku.

Mwalimu aliomba arudishiwe karatasi zile, akaambiwa zimepotea. Binti akamwambia asihangaike, atachora upya. Alichora kweli, katika daftari lake la mazoezi, picha nne zile zile, mama yule yule, samaki wale wale. Lakini safari hii mtoza ushuru hakuwa na uso. Mahali pa uso aliacha duara tupu. Mwalimu alipomuuliza sababu alijibu, "Ili wasiseme ni wao."

Wanaharakati wenzangu hupenda kuhesabu magazeti yaliyofungiwa, na ni haki kuhesabu. Januari 2015 serikali ilipozuia gazeti la The EastAfrican nchini, sababu rasmi ilikuwa usajili, lakini mjadala wa watu ulikuwa juu ya katuni ya Gado iliyomhusu Rais Kikwete. Septemba 2021 mchoraji Fwema alikamatwa Dar es Salaam baada ya katuni yake iliyomhusu Rais Samia kusambaa mtandaoni. Matukio hayo yana kumbukumbu, yana mawakili, yana matamko. Duara tupu katika daftari la mtoto wa mwambao halina wakili. Hakuna sheria iliyomwamuru alichore. Amejifunza mwenyewe, kwa siku mbili, na somo hilo atalibeba hadi atakapokuwa mwalimu, mwandishi, ofisa au mbunge. Hapo ndipo woga wa taifa unapoanzia.

Nawatendea haki watumishi wa umma, kwa kuwa wanasoma makala haya na baadhi yao ni wanafunzi wangu wa zamani. Kuchekwa kunauma. Mtoza ushuru mwaminifu, anayeamka usiku na kupata mshahara mdogo, anaumia zaidi akichanganywa na mwizi, na mtandao kweli hukatika. Lakini mchoro ule ulikuwa ukaguzi wa hesabu uliofanywa bure. Ulionyesha mahali hasa ambapo fedha ya mwananchi inapotea na kwa maneno gani. Halmashauri ingeweza kujibu kwa karatasi nyingine pembeni yake: viwango vya ushuru, namba ya kupiga simu, na utaratibu wa risiti ya mkono mtandao unapokosekana. Gharama yake ni karatasi moja.

Kuna jambo jingine. Tangu zamani mashirika na wizara wametumia hadithi za picha kutuelekeza: tunawe mikono, tupime afya, tuwapeleke watoto shule. Jarida la Si Mchezo! lilifika hadi vijijini kwa njia hiyo na lilifanya kazi njema. Hatujawahi kusikia bango la kunawa mikono likiombwa kibali na mwenyekiti wa kitongoji. Maana yake ni kwamba hatuziogopi katuni. Tunaogopa pale anayeelekezwa anapochukua kalamu na kuelekeza.

Ninachopendekeza ni kidogo. Walimu wa Kiswahili watenge saa moja kwa mwezi kwa picha nne. Wakuu wa shule watoe ukuta mmoja. Maktaba zetu zikusanye Sani na machapisho mengine ya aina hiyo kabla wake za marafiki zangu hawajawasha majiko, ili kijana wa Mbinga akutane na Kipepe na jina Ndunguru mahali pengine zaidi ya simulizi zangu. Peramiho wapo watu wenye uzoefu wa miaka mingi wa kuchapa vitabu. Kitabu chembamba cha michoro ya vijana wa Mbinga na Nyasa hakiwashindi. Na kila Februari, tunapokusanyika Songea kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji, wapewe vijana kamba ya kutundikia michoro pembeni ya gwaride, nao waje wamevaa kama Nduna Songea Mbano, kama nahodha wa Gwendolen, au kama mama wa usipa akitaka mtu. Mganda utapigwa, na hatutahitaji jina la kigeni kuliita tamasha hilo.

Rafiki yangu wa usipa ananiambia kwamba siku hizi, akina mama mwaloni wakiambiwa mtandao haupo, hujibu kwa neno moja: "Tumevuliwa." Watozaji husikia, wengine hucheka, na wapo wanaotafuta kalamu na kuandika risiti ya mkono. Karatasi iliondolewa, maneno yamebaki. Binti naye nimemtumia kalamu mpya kwa mkono wa mwalimu, pamoja na ombi la kwamba lile duara alijaze, atakapokuwa tayari. Kazi ya kuhakikisha anakuwa tayari ni ya kwetu sisi watu wazima. Kitu pekee kinachopaswa kubandua mchoro wa mtoto ukutani ni mvua.